Uhamisho wa Mzee Mwololo

Mwingi,
9 Januari 2023

Mdogo wangu Kitheka,

Habari za Kangemi? Mkeo Beryl na mapacha wameuonaje mwaka mpya? Sisi huku tumevuka salama. Mvua ya Desemba ilitudanganya siku nne ikaenda zake, lakini kunde zimetoka, na nimekuwekea debe moja usije ukasema dada yako ni mchoyo. Shule zikifunguliwa nitakuwa na darasa la tano: watoto sitini na wawili, madawati ya watoto arobaini. Namshukuru Mungu sauti bado ninayo.

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwanza, kila nikitaja kanisa kwenye simu, mtandao wako unapotea ghafla. Pili, ninachokuomba ni karatasi, na nimeona niiombe kwa karatasi. Nimewapa watu wa basi, utaichukua ofisini kwao hapo River Road. Kutoka dukani kwako si mbali, kwa hiyo usiniambie hukupata nafasi.

Ni habari za Baba. Miguu imevimba tena, na siku hizi analala ameketi, lakini usiwe na wasiwasi, anakula. Tangu astaafu ukarani na kurudi nyumbani, mwaka wa sita huu, hajawahi kukaa mbele kanisani. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama vile wazee wa Kangemi walivyomweka mwaka ule wa 2012, kwa ajili ya ile karatasi isiyo na jina iliyomchafua Mchungaji Obuya. Huku hakuna aliyemwambia akae hapo. Amejiweka mwenyewe. Sinia la Meza ya Bwana likifika anampisha jirani yake na kutazama sakafu. Mchungaji wetu amemwambia mara mbili: Mzee, lete barua ya uhamisho kutoka kanisa lako la zamani, iseme umo katika ushirika, nasi tutakupokea siku hiyohiyo. Bila barua hiyo, hata siku ya kumzika watakuja kama majirani, si kama kanisa.

Baba hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Wiki iliyopita nilikuwa namkanda miguu akaniambia, "Kasyoka, ningependa kula ile Meza kabla sijaenda." Basi. Wewe ndiye mwandishi wa kanisa la Kangemi, na muhuri uko kwenye droo yako. Zungumza na wazee, tafadhali.

Busu mapacha wote wawili, hata yule anayeng'ata.

Dada yako,
Kasyoka


Nairobi,
27 Januari 2023

Mpendwa dada Kasyoka,

Barua yako niliipata, na yule karani wa basi alicheka akasema miaka mingi hajaona bahasha yenye barua ndani, watu hutuma vipuri na mbuzi. Sisi hatujambo. Mapacha wamepelekwa chekechea na wameanza kurudi na Kiingereza cha ajabu. Beryl anakusalimu na anazingoja kunde.

Kazi iko, ila Januari ni Januari. Kalenda ambazo hazikuisha nimezirundika mpaka darini. Kuna mteja wetu wa Westlands, Mehreen, alirudisha kadi zote za arusi ya mdogo wake kwa sababu rangi ya dhahabu ilikuwa njano sana. Nilibishana naye nusu saa, kisha nikazipeleka mlangoni juani nikaona kweli ni njano. Tukachapa upya.

Nimeambatisha barua ya uhamisho ya Baba. Wazee hawakuwa na neno. Miaka mingi imepita, wengi wamesahau, na wengine wamekufa. Ina muhuri na sahihi zote mbili, ya mwandishi na ya mchungaji, mpe mchungaji wenu na Baba akae mbele kama watu wengine. Nimetumia karatasi ile nzito tunayochapia vyeti, nilitaka iwe na heshima.

Mwambie nitakuja Pasaka, Mungu akipenda.

Ndugu yako,
Kitheka


Mwingi,
6 Februari 2023

Kitheka,

Hatujambo. Kunde zako nimezituma kwa basi la jana, uliza.

Barua ya Baba nairudisha humu ndani. Nilimpa Jumamosi akiwa amekaa nje. Alitafuta miwani, akaisoma mara mbili, akaipapasa ile karatasi nzito, halafu akaniuliza kitu kimoja: "Nani alisimama?" Nikasema sijui, Baba, labda wazee walikaa wakaamua. Akasema kwamba katika kanisa lile mtu aliyetengwa hatolewi benchi la nyuma kwa wazee kukaa. Hutolewa kwa mtu kusimama. Ama yeye mwenyewe asimame mbele ya ushirika akiri, ama asimame mwingine aseme kosa lilikuwa langu. Yeye hajasimama, sasa nani alisimama? Akaikunja, akaniambia irudi ilikotoka. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikuambie kitu. Jumatano jioni huwa tuna darasa la viongozi wa kanisa, na muhula huu tunasoma habari za Wakristo wa mwanzo, kule Afrika ya kaskazini na Roma. Kulitokea mtawala aliyeamuru kila mtu aitolee miungu dhabihu na apewe cheti kwamba ameitoa. Wako waliokataa wakafungwa. Wako waliotoa dhabihu. Na wako wajanja, Kitheka, waliopita mlango wa nyuma wakapata cheti bila kutoa chochote, wakajiona wamemdanganya mtawala na Mungu hawakumgusa. Mateso yalipoisha, wale wa vyeti nao walitaka kurudi Mezani. Kanisa likawaambia, ninyi nanyi mtakaa mlangoni kwanza. Wakawa wanasimama nje wakilia, wakiwaomba wanaoingia wawaombee. Mwalimu alipofika hapo nikaangalia chini, maana niliona sura yako.

Nakuuliza kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni: ile sahihi ya pili ni ya nani?

Kasyoka


Mwingi,
20 Machi 2023

Mdogo wangu,

Wiki sita, kimya. Mvua imeanza. Baba hajambo kiasi. Kama kunde zilikuwa na wadudu sema tu.

K.


Nairobi,
2 Mei 2023

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Kunde zilikuwa nzuri. Mapacha walipata tetekuwanga, mmoja akampa mwenzake, wamepona. Pasaka sikuja, na sababu niliyomtumia Baba kwenye simu haikuwa ya kweli. Basi la Mwingi lilikuwa na nafasi.

Sahihi ya pili ni yangu. Niliisaini kwa mkono wa kushoto. Barua hiyo haikufika mbele ya wazee wala ya Mchungaji Mbithi wetu wa sasa. Nilifunga duka mchana, nikaichapa, nikaipiga muhuri, na nikajiambia namfanyia Baba wema.

Umeniuliza juu ya sahihi tu. Najua unauliza zaidi ya hapo, basi nitasema.

Ile karatasi ya mwaka 2012 niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeajiriwa kwa Navin, mchapaji wa pale River Road. Siku moja nilipita kibanda cha jirani kuazima gundi nikaona mezani cheti cha uchungaji chenye jina la Mchungaji Obuya, jina liko, muhuri bado. Dada, kwa mtu wa mtaa ule, cheti kilicho mezani ni cheti cha bandia. Hatuulizi. Tumezoea hivyo hata hatujui kwamba tumezoea. Nami sikuuliza. Saa ya chakula nikachapa nakala sitini kwamba mchungaji wetu ametengenezewa cheti mjini, na Jumamosi, zamu yangu ya kufagia kanisa, nikaziweka ndani ya vitabu vya nyimbo. Baadaye ilijulikana kwamba cheti chake halisi kililiwa na mchwa, na alikuwa amepeleka mabaki pamoja na barua ya chuo atengenezewe nakala ya kutundika ukutani. Lakini ilipojulikana alikuwa ameshajiuzulu na kuhamia Uthiru kufundisha shule.

Kuna jambo jingine baya kuliko hilo. Niliamini upesi kwa sababu alikuwa mtu wa ziwa, si wa kabila letu, na nyumbani kwetu na kwa majirani nilikuwa nimesikia ikisemwa kwamba ingefaa mchungaji atoke kwetu. Angekuwa Mkamba ningeuliza.

Wazee walimshuku Baba kwa sababu alikuwa amebishana na Obuya hadharani kuhusu ibada ya pili, na kwa sababu karatasi ile iliandikwa kiofisi, na aliyenifundisha kuandika barua ni yeye. Siku ile walipomuuliza mbele ya watu, "Mzee Mwololo, ni wewe?" nilikuwa benchi la tatu nyuma yake. Aligeuka akanitazama. Halafu akawaambia, "Fanyeni mnavyoona." Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya arusi yangu. Nikaangalia kitabu cha nyimbo. Tangu hapo nimepanda mpaka nikawa mwandishi wa kanisa, na kila mwaka ni mimi ninayenakili majina ya waliotengwa kutoka kitabu cha zamani kwenda kipya, na jina la Baba nimeliandika kwa mkono wangu mara saba.

Sijui nifanye nini. Kweli najua. Naogopa Beryl atanitazamaje.

Kitheka


Mwingi,
8 Mei 2023

Kitheka, mtoto wa mama yangu,

Nimeisoma barua yako chooni shuleni ili watoto wasinione nikilia. Halafu nikaenda nikafundisha sehemu na desimali.

Sitakutukana. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana tangu Februari, lakini hasira imekataa kuja, na sababu yake utaiona. Nilijua. Jumapili ile ya karatasi nilikuwa likizo kwenu Kangemi, na jioni nilikuwa nafua nguo zenu, nikakuta rasimu mfukoni mwa shati lako la kijivu, kwa mwandiko wako, na maneno yamekatwakatwa. Niliitia kwenye jiko la makaa na kuikoroga mpaka ikaisha. Wazee walipomtenga Baba nilisema moyoni kwamba yeye ni mtu mzima, atavumilia, na wewe ni kijana na arusi imekaribia. Lakini hili la jiko naomba libaki kati yetu. Huku mimi ndiye ninayefundisha akina mama, na wasichana wa shule wananitazama. Halitamsaidia mtu.

Wewe, simama. Usimtumie mtu, usiandike, simama kwa miguu yako. Lakini usianze na kanisa. Mchungaji Obuya alishakufa, Mungu amrehemu, ila mjane wake yuko Uthiru. Anza kwake. Beryl mwambie kabla hujatoka nyumbani. Akikufukuza, kunde ziko.

Baba anauliza kama mapacha wamepona. Miguu ni ileile. Fanya haraka kidogo.

Kasyoka


Nairobi,
19 Juni 2023

Dada,

Mapacha ni wazima. Beryl hakunifukuza. Siku ya tatu ndipo akaniuliza kama nililala vizuri miaka yote hiyo. Nikasema ndiyo, nililala vizuri, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Uthiru nilienda kwa miguu kutoka Kangemi, nilitaka njia iwe ndefu. Mjane wake, Mama Maureen, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na picha ya marehemu iko juu ya cherehani. Chini ya picha kuna kile cheti, kwenye fremu, nakala ileile niliyoiona mezani haijamalizika. Nilimweleza yote, na la kabila pia. Hakuacha kushona mpaka nilipofika hapo. Aliondoa mguu kwenye kanyagio akasema, "Unataka niseme ni sawa? Si sawa. Mzee wangu alikufa akifikiri kanisa lote lilimkataa. Lakini nitakuja Jumapili nisikie ukisema mbele yao, si hapa kwa cherehani."

Jumapili ya tarehe kumi na moja nikasimama. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili nikaziacha mfukoni. Nilisema mambo manne: karatasi, kabila, Baba, na barua ya Januari yenye sahihi ya mkono wa kushoto. Nilipotaja Baba kuna mama mzee alitoa sauti, nadhani ni yule aliyekuwa akimpelekea maziwa. Mama Maureen alikuwa amekaa katikati, na kofia yake ya sherehe. Hakulia. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyehesabu akaona imefika, akaondoka kabla ya wimbo.

Wazee walikaa palepale. Uandishi wa kanisa nimevuliwa na muhuri nimeurudisha. Nitakaa benchi la nyuma miezi mitatu, bila Meza, mpaka Septemba. Nilitazamia aibu, na ilikuja, lakini nilishangaa kwamba pale mlangoni kuna upepo mzuri. Watu wakiingia wengine wananigusa bega. Wengine wanapita.

Jana, Jumapili ya kwanza ya adhabu yangu, nilikuwa peke yangu kwenye benchi lile, ibada imeshaanza. Mama Maureen akaingia amechelewa. Benchi za mbele zilikuwa na nafasi, nilizihesabu. Alisimama karibu yangu akasema, "Sogea." Nikasogea. Tuliimba kutoka kitabu kimoja. Hajaniambia amenisamehe na sikumuuliza.

Barua ya uhamisho iko humu. Mchungaji Mbithi ameiandika kwa mkono wake, wazee wote watano wametia sahihi, na imesomwa mbele ya watu. Inasema Mzee Mwololo alitengwa bila kosa, na anahamishwa akiwa mshirika asiye na lawama. Akiuliza nani alisimama, sasa una jibu.

Na wewe niambie ukweli, miguu ya Baba ikoje?

Kitheka


Mwingi,
3 Julai 2023

Ndugu yangu Kitheka,

Hatujambo sote, na nakuambia hivyo mwanzo ili usome kwa utulivu. Miguu si ileile. Daktari wa hospitali alisema mwezi wa Aprili kwamba ni moyo, na kwamba tusitegemee afike Krismasi. Nilikuficha kwa sababu sikutaka usimame kwa ajili ya kuogopa kifo cha mtu. Nilikosea, pengine. Njoo mwezi huu, na mapacha.

Barua nilimpa Jumatano iliyopita. Nilimsomea na yako pia, yote, na nashukuru hukulitaja humo lile jambo langu. Nilipofika pale pa Mama Maureen na lile neno "sogea" aliniomba nirudie. Kisha akaomba miwani, akaichukua barua ya uhamisho akaisoma mwenyewe, na nikamwona uso unabadilika. Akaweka kidole kwenye maneno "alitengwa bila kosa". "Hapa," akasema, "pana uongo bado."

Nikamwambia Baba, hakuna uongo, mtoto wako amekiri, umesafishwa. Ndipo akasema kitu ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukijua. Asubuhi ile ya 2012 alifungua kitabu cha nyimbo, akaiona karatasi, akatambua mara moja kwamba ni wewe, kwa vile ulivyoipanga kama alivyokufundisha. "Na nilifurahi," akasema. "Nilimaliza kuisoma nikafurahi kwamba Obuya amepatikana. Sikuuliza kama ni kweli. Niliikunja nikaitia mfukoni nikamwonyesha mwenzangu wakati wa chai. Waliponiuliza kama ni mimi, ningesemaje si mimi? Watu wanafikiri nilikuwa nakulindia mdogo wako. Nilikuwa nakaa mahali pangu."

Miaka kumi na moja, Kitheka. Nasi tumekuwa tukimhurumia kama mwanakondoo.

Jana ilikuwa Jumapili ya Meza. Tulimbeba kwa kiti cha plastiki, mimi na vijana wawili wa jirani. Mchungaji akasoma barua, watu wakapiga makofi, wakataka kumsogeza mbele. Baba akainua mkono. Akashika mgongo wa benchi akasimama, na sijui alipata wapi nguvu. Akawaambia watu wa Mwingi, ambao wengi hawajawahi kusikia jina la Obuya, kwamba alifurahia uongo juu ya mtumishi wa Mungu na akaupitisha kwa mkono wake. Alisema jina kamili la marehemu, na la mkewe. Akaomba kama kuna adhabu apewe, ila akawakumbusha kwamba hana miezi mingi ya kutumikia. Wengine wakacheka huku wanalia. Mchungaji alishuka na sinia mwenyewe, akampa mkate na kikombe palepale mlangoni. Baba alikula polepole sana. Watu wote walimngoja.

Anakutuma kwa Mama Maureen. Usipige simu, nenda. Mwambie hivi: "Mzee Mwololo naye aliisoma akafurahi, na anaomba msamaha." Wewe anasema alikusamehe siku ileile ulipoangalia kitabu cha nyimbo, kwa sababu aliona jinsi ulivyokishika. Anasema umalize miezi yako mitatu bila kuomba ipunguzwe, na ukila Septemba ule kwa niaba yake kama hatakuwepo.

Jioni nilikuwa namkanda miguu kama kawaida. Nilikuwa na furaha, Kitheka, naimba kabisa. Nilimwambia, Baba, sasa nyumba yetu ni safi. Alinitazama vile anavyotazama akikagua hesabu za karani mdogo, akaniuliza, "Kasyoka, nguo za Jumapili ile nani alizifua?"

Aliendelea kunitazama bila ukali. Niliweka mafuta chini nikaenda jikoni, nikasimama pale muda mrefu bila kupika chochote. Alikuwa anajua siku zote, kumbe alikuwa akinisubiri na mimi.

Nimekuandikia leo kabla moyo haujapata ujanja. Akina mama wangu, wasichana wa shule, mwalimu wa Jumatano, wote watakuwepo. Jumapili ninasimama mimi. Niombee.

Dada yako,
Kasyoka